Kujitolea katika bodi ya shule ya kati ya chata nchini Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wazazi na wazee wa jamii zinazozungumza Kiswahili huku Marekani, wengi wao wakitokea Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, pale wanapoombwa kuingia katika bodi ya shule ya chata (kwa Kiingereza, charter school) ya mtaa wao. Majibu yanahusu shule ya kati, yaani darasa la 6 hadi la 8. Kila jimbo lina sheria yake. Panapotajwa jimbo kwa jina, usidhani kwamba jimbo lako linafuata vivyo hivyo.

## Misingi

Shule ya chata ni ya umma au ya binafsi?

Ni ya umma. Haitozi ada, haifundishi dini, na hupokea fedha za umma kulingana na idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Kinachoitofautisha na shule nyingine za mtaa ni kwamba huendeshwa na shirika, mara nyingi lisilo la faida, lililopewa mkataba na chombo chenye mamlaka ya kisheria, ambacho kinaweza kuwa wilaya ya shule, chuo kikuu, tume ya jimbo au bodi maalumu kama ile ya Washington, D.C. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992. Ohio huziita shule hizi kisheria kuwa shule za jamii.

Mkataba ndio uhai wa shule. Ndani yake kumeandikwa kile ambacho shule imeahidi kuwafanyia watoto, na una muda maalumu: New York hauzidi miaka 5 kwa mara moja, ilhali Washington, D.C. ni miaka 15 yenye tathmini angalau kila baada ya miaka 5. Ahadi zisipotimia, mkataba unaweza kukataliwa kuhuishwa na shule ikafungwa.

Bodi inatofautianaje na chama cha wazazi na walimu?

Waliowahi kukaa katika kamati ya shule Tanzania, bodi ya usimamizi Kenya au COPA, yaani kamati ya wazazi, kule Kongo huwa na picha fulani tayari: wazazi wanakutana na mwalimu mkuu, wanajadili michango, ukarabati wa madarasa na nidhamu. Picha hiyo inasaidia, lakini haitoshi. Chama cha wazazi na walimu hushauri na kusaidia. Bodi ya shule ya chata ndiyo mwenye mkataba mbele ya sheria; ndiyo mwajiri, ndiyo inayowajibika fedha zikipotea, na ndiyo itakayoitwa kueleza kwa nini watoto hawasomi.

Kazi zake kubwa ni tatu. Humwajiri mkuu wa shule, humpima kila mwaka na, ikibidi, humwondoa. Hupitisha bajeti na kufuatilia matumizi yake. Huhakikisha kwamba ahadi za mkataba na matakwa ya sheria yanatimizwa. Mambo ya kila siku, kama nani afundishe hisabati, ratiba ya vipindi au adhabu ya mtoto mmoja mmoja, ni ya mkuu wa shule na wasaidizi wake. Mjumbe anayeingia madarasani kuwapa walimu maagizo anamvua mkuu wa shule madaraka, na mwisho wa mwaka bodi haitaweza kumuuliza mkuu huyo lolote, kwa kuwa maamuzi hayakuwa yake.

Kuna jambo la pekee kuhusu shule ya kati?

Lipo, na wajumbe wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Mtoto hukaa hapo miaka 3 tu. Anaingia darasa la 6 akitoka shule ya msingi yoyote, akiwa na umri wa miaka 11 hivi, mara nyingine akiwa amefika Marekani mwaka huohuo kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, na shule haina muda wa kumsubiri. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inataka wanafunzi wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8. Kwa hiyo kila darasa la shule ya kati linapimwa, na matokeo yake yote ni ya hadharani.

Jambo la pili linaihusu bodi yenyewe. Mzazi akiingia mtoto wake akiwa darasa la 7, mwaka unaofuata ndio wa mwisho kwa mtoto huyo. Bodi isiyojipanga hujikuta kila mwaka haina mzazi anayeijua kazi. Shule inayosema ni ya jamii inapaswa kuanza kumwandaa mzazi mwingine mapema, hasa wa darasa la 6, kabla kiti hakijawa wazi.

## Nani anaweza kuwa mjumbe

Je, lazima niwe raia wa Marekani?

Sheria ya shirikisho haina sharti la uraia kwa wajumbe wa bodi za mashirika yasiyo ya faida. Wakimbizi na wakaazi wa kudumu wapo katika bodi nyingi. Hata hivyo soma kanuni za ndani za shule na uulize sheria ya jimbo. Tarajia kuchukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa kama una rekodi ya jinai, jambo ambalo ni la kawaida kwa yeyote anayehusika na shule. Aliyepo nchini kwa viza ya muda na ambaye angelipwa posho amwone kwanza mwanasheria wa uhamiaji.

Sina digrii, na Kiingereza changu hakijanyooka. Nitafaa?

Utafaa, na hilo halisemwi kwa kukufariji. Bodi ya shule ya jamii ikijaa wahasibu na mawakili pekee, itajua hesabu na haitajua kwa nini watoto 12 wa jengo moja la kupanga hawafiki shuleni kabla ya saa tatu asubuhi. Wewe unajua: basi la kwanza la mtaa huo hupita kwa kuchelewa, na wazazi wako zamu ya usiku kiwandani. Minnesota, kwa mfano, inataka bodi iwe na angalau wajumbe 5, miongoni mwao mwalimu wa shule hiyo, mzazi wa mwanafunzi, na mtu wa jamii ambaye si mfanyakazi wala hana mtoto pale. Kiti cha mzazi hakikuwekwa kwa hisani.

Kuhusu lugha, omba nyaraka angalau wiki moja kabla ya kikao, na uombe mkalimani iwapo unamhitaji. Usimtumie mwanao kutafsiri; ndani ya nyaraka hizo mna mambo ya mishahara na migogoro ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Na ukiwa kikaoni, ukiona jambo hukulielewa, lisimamishe. Kuuliza si ujinga, bali kupiga kura bila kuelewa ni kuweka jina lako chini ya uamuzi wa mtu mwingine.

Kazi hii inachukua muda gani, na kuna malipo?

Shule nyingi huwa na kikao kimoja kila mwezi, jioni, kinachochukua muda wa saa mbili hivi, pamoja na kamati ndogo na muda wa kusoma. Ongeza mafunzo, ambayo baadhi ya majimbo huyafanya kuwa lazima. Kwa kawaida hakuna malipo isipokuwa kurudishiwa gharama ulizotumia. Ohio ni ya kipekee kidogo, kwani sheria yake inaruhusu posho ya hadi dola 125 kwa kikao. Posho ina athari yake kwenye kinga ya kisheria. Tazama swali la kushtakiwa hapa chini.

Niombe nini kabla ya kukubali?

Omba mkataba wa shule, kanuni za ndani za bodi, ripoti ya mwisho ya mkaguzi wa hesabu, bajeti ya mwaka huu, kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima na barua yoyote ya onyo kutoka kwa chombo kilichotoa mkataba. Uliza pia wajumbe wa mwisho kuondoka waliondoka kwa nini. Hudhuria kikao kimoja kama msikilizaji. Shule inayosita kukuonyesha nyaraka hizi, ambazo nyingi kati yake ni za umma, imekupa jibu lako.

## Kikaoni

Kikao huendaje?

Tangazo na ajenda hutolewa mapema kwa muda uliowekwa na sheria ya jimbo. Mwenyekiti huhakikisha akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, imetimia, kwa kuwa bila akidi hakuna uamuzi halali. Hufuata nafasi ya wananchi kusema, kwa dakika chache kila mmoja. Bodi husikiliza na mara nyingi haijibu papo hapo, jambo linalowaudhi wazazi wetu wanaodhani wamepuuzwa, kumbe katika baadhi ya majimbo sheria hairuhusu kujadili lisilo kwenye ajenda. Kisha huja mambo ya kawaida yanayopitishwa kwa pamoja, taarifa ya mkuu wa shule, taarifa ya fedha na maamuzi. Mjumbe mmoja hutoa hoja, mwingine huiunga mkono, hujadiliwa, na kura hupigwa na kuandikwa.

Angalia sana yale yanayopitishwa kwa pamoja. Humo ndimo mkataba wa kampuni ya chakula au wa kompyuta unaweza kupita bila neno hata moja. Mjumbe yeyote anaweza kuomba jambo litolewe humo lijadiliwe peke yake.

Mzazi akinisimamisha nje ya kanisa au msikiti akilalamikia mwalimu, nifanye nini?

Msikilize kwa heshima, kwa maana amekuja kwako kwa sababu anakuamini na pengine huna mwenzako anayeijua lugha yake. Kisha mwelekeze: aanze kwa mwalimu, aende kwa mkuu wa shule, na asiporidhika awasilishe malalamiko kwa maandishi kwa utaratibu wa shule. Unaweza kumsaidia kuujua utaratibu huo, hata kumtafutia mkalimani. Usimwahidi kwamba mwalimu ataondolewa. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa kikao. Mjumbe mmoja barabarani hana mamlaka kuliko mzazi mwingine yeyote.

Sababu nyingine ya kujizuia ni kwamba suala hilo linaweza kufika mbele ya bodi kama rufaa, na mjumbe aliyekwisha kuegemea upande mmoja hataweza kulisikiliza. Ikiwa wazazi watano wanakuletea lalamiko lilelile, hapo si suala la mtu mmoja tena: omba kwa mwenyekiti liwekwe kwenye ajenda kama suala la sera, bila majina.

Bodi yetu ina kundi la WhatsApp. Kuna ubaya?

Kupanga saa na mahali pa kikao hakuna ubaya. Kujadili mambo ya shule humo ni hatari. Majimbo mengi huzifunga shule za chata kwa sheria ya mikutano ya wazi. California ililiweka wazi hilo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2020. Akidi ya wajumbe ikijadili jambo la bodi kwenye simu, hata kwa ujumbe unaopokezanwa mmoja baada ya mwingine, hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa kikao cha siri na uamuzi wake ukatenguliwa. Alama ya dole gumba chini ya ujumbe wa mwenyekiti inaweza kusomeka kama kura.

Tena ujumbe huo si wako peke yako. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 2017 kwamba mawasiliano yanayohusu kazi ya umma yanaweza kuwa kumbukumbu za umma hata yakiwa katika simu binafsi. Tumia anwani ya barua pepe ya shule, na mjadala uache kikaoni.

## Fedha

Mimi si mhasibu. Niangalie nini kwenye taarifa ya fedha?

Anza na idadi ya watoto. Tuchukue mfano: bajeti ilipangwa kwa wanafunzi 240, kila mmoja akileta dola 9,000 kwa mwaka, na siku ya kuhesabiwa walikuwepo 221. Pengo la watoto 19 ni dola 171,000. Hizo fedha haziji, lakini walimu wameshaajiriwa na pango la jengo halipungui. Hili ndilo tatizo linaloziangusha shule ndogo, na huonekana mapema kwa yeyote anayeuliza kila mwezi, "Leo tuna watoto wangapi, na bajeti ilisema wangapi?"

Pili, angalia shule inaweza kuishi siku ngapi kwa fedha iliyopo benki. Ikiwa matumizi ya mwaka ni dola 2,190,000, basi kila siku shule hutumia dola 6,000. Ikiwa benki kuna dola 210,000, shule ina siku 35. Pengo la dola 171,000 tulilolitaja, lisipofidiwa kwa kupunguza matumizi, linakula zaidi ya siku 28 kati ya hizo. Watoa mikataba wengi hupenda kuona siku 60.

Tatu, uliza nani anaidhinisha malipo, nani anayalipa na nani analinganisha vitabu na taarifa ya benki. Kazi hizo zikiwa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, bodi imelala. Mkaguzi wa hesabu akija mwisho wa mwaka, bodi izungumze naye yenyewe, kwa muda fulani bila uongozi wa shule kuwepo.

Je, nitalazimika kuchanga?

Baadhi ya bodi humtaka kila mjumbe atoe au atafute kiasi fulani kila mwaka. Uliza kabla ya kuingia. Bodi inayotaka wazazi wa kipato cha chini mezani na wakati huohuo ikaweka kiwango kikubwa cha mchango imewafungia mlango, na unayo haki ya kulisema hilo.

## Ndugu, marafiki na maslahi

Binamu yangu ana magari ya kubeba watoto na bei yake ni nafuu. Naweza kumpendekeza?

Kwetu kumsaidia ndugu ni wajibu, na anayepata nafasi asiwakumbuke wenzake husemwa. Ndiyo maana swali hili linastahili jibu lisilo na mlango wa nyuma: usimpendekeze wewe. Akisikia tangazo la zabuni kama wengine na akaomba, tangaza undugu wenu kwa maandishi, toka chumbani wakati wa mjadala, usipige kura, na uhakikishe kumbukumbu za kikao zinaandika kwamba ulitoka. Usiwapigie wajumbe wenzako simu pembeni. Katika baadhi ya majimbo hata kutoka chumbani hakutoshi, na mkataba wenyewe haufai kuwepo. Massachusetts huwahesabu wajumbe wa bodi hizi kuwa watumishi maalumu wa jimbo, wakibanwa na sheria ya mgongano wa maslahi. Hali ni hiyohiyo kwa mke, mume au ndugu anayeomba kazi shuleni.

Waeleze jamaa zako mapema, hata kabla ya kiapo, kwamba kiti hiki hakitakuwa na mgawo wa kifamilia. Maneno hayo ni rahisi kuyasema siku ya kwanza kuliko siku binamu ameshanunua gari la pili.

Naweza kumwombea nafasi mtoto wa rafiki?

Hapana. Waombaji wakizidi nafasi, shule hupiga kura ya bahati nasibu. Ndugu wa mwanafunzi aliyepo hupewa kipaumbele katika majimbo mengi, na baadhi ya sheria huruhusu kipaumbele kwa watoto wa wafanyakazi au waanzilishi, lakini urafiki na mjumbe haumo. Unachoweza kufanya, na ambacho ni huduma kubwa, ni kuwatangazia watu wote tarehe ya mwisho ya kuomba na kuwasaidia kujaza fomu. Waambie pia kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1982 katika kesi ya Plyler v. Doe, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

## Hali ngumu

Naweza kushtakiwa mimi binafsi?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 ya kuwalinda wanaojitolea humkinga mjumbe asiyelipwa anayetenda ndani ya majukumu yake, ila haimkingi aliyefanya kosa la jinai, uzembe uliokithiri au jambo la makusudi, wala ajali aliyoisababisha akiendesha gari. Kinga hiyo ni ya asiyelipwa. Anayepokea posho aulize nafasi yake ikoje. Kinga haimzuii mtu kufungua kesi, kwa hiyo hakikisha shule ina bima ya wajumbe wa bodi, na uombe kuiona hati yake.

Kodi za mishahara zinahitaji uangalifu wa pekee. Shule ikikata kodi kwa walimu isiipeleke serikalini, Mamlaka ya Mapato ya Marekani (IRS) inaweza kuwadai binafsi waliohusika. Mjumbe wa kujitolea asiyeshughulika na fedha za kila siku na asiyejua lolote huwa na msamaha, lakini akishajua hawezi kunyamaza. Kila robo mwaka uliza kama kodi zimelipwa, na jibu liandikwe.

Mwanangu amesimamishwa masomo katika shule hiyohiyo. Nifanye nini?

Mfuatilie kama mzazi, kwa utaratibu uleule wa wazazi wengine, bila kutaja kwamba wewe ni mjumbe wa bodi. Suala likifika kwenye bodi, toka kama ilivyoelezwa katika swali la binamu. Usiombe kuona faili la mtoto mwingine aliyehusika: sheria ya faragha ya wanafunzi ya mwaka 1974 haikupi haki hiyo kwa sababu tu uko kwenye bodi.

Nimepinga uamuzi na nimeshindwa kwa kura. Naruhusiwa kuusema nje?

Kura yako imo katika kumbukumbu, na unaweza kueleza kwa nini ulipinga. Yaliyozungumzwa katika kikao cha faragha kinachoruhusiwa na sheria huruhusiwi kuyatoa. Ikiwa unachokipinga ni uvunjaji wa sheria, mwandikie mwenyekiti; asipochukua hatua, mwandikie mtoa mkataba. Kujiuzulu kimyakimya katika hali hiyo kunamwacha mjumbe anayefuata akianza upya bila kujua ulichokiona.

Mkataba ukikataliwa kuhuishwa, kazi ya bodi imeisha?

Haijaisha, na huu ndio wakati ambao wajumbe wengi hutoweka. Bodi hubaki na wajibu wa kuwaarifu wazazi mapema, kwa lugha wanazozielewa, kuhakikisha faili za wanafunzi zinafika salama shule wanazohamia, kulipa mishahara na madeni kwa fedha iliyobaki, na kukabidhi mali iliyonunuliwa kwa fedha za umma kama sheria inavyotaka. Mtoto wa darasa la 7 anayehitaji huduma za elimu maalumu anapaswa kuondoka na mpango wake ulioandikwa, la sivyo shule mpya itapoteza miezi ikimpima upya. Kaeni na orodha ya kila mwanafunzi na shule aendayo, mkiifuatilia jina kwa jina hadi la mwisho lipate jibu.